Zabibu za Pakiti

Muhonja aliiweka pakiti mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayesukuma panya aliyekufa.

"Hizo hapo," alisema. "Dereva wa kampuni, kijana mwenye jino la dhahabu, alizileta jana. Akasema, mama, mzee wako yuko salama, yuko kwa mavuno ya zabibu huko Naivasha, amekutumia hizi umkumbuke."

Mideva hakuigusa pakiti. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa leso, akaivaa tena. Alikuwa mpelelezi wa Wakili Burale, yule mwenye ofisi ya ghorofani karibu na mahakama ya Makadara. Kabla ya hapo alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda cha magunia kule Baba Dogo, mpaka mdomo wake ukamfukuzisha kazi na viwanda vyote vya jirani vikalibandika jina lake getini. Upelelezi hakuusomea popote. Alisomea kufukuzwa, na somo hilo alilifaulu vizuri.

"Rudia tena siku aliyoondoka," alisema.

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Alitoka na ovaroli. Akasema lori la chupa linaenda shambani kwa Mheshimiwa na yeye amepangwa kushusha. Jioni hakurudi. Nikaenda kiwandani, ofisi ikasema Lusweti aliomba likizo. Likizo! Mtu huyu hajawahi kupewa likizo hata alipokuwa na malaria."

"Na polisi?"

"Walicheka. Mmoja akaniambia mume akipotea wiki moja hajapotea, ameoa."

Mlangoni, Sylvance Okumu, mwenye pikapu iliyombeba Mideva popote kazi ilipompeleka, alitafuna andazi na kutikisa kichwa. Mke wake alikuwa Mmaragoli kama Mideva, kwa hiyo alimwita Mideva shemeji, na kwa haki ya ushemeji huo alisema lolote lililomjia.

"Mimi nashukuru Mungu," alisema. "Kama ametuma zabibu, basi yuko hai."

"Soma nyuma ya pakiti, Okumu."

Okumu aliichukua, akaigeuza. "Hii ni lugha ya wapi? Uturuki?"

"Uturuki. Zimekaushwa, zimefungwa, zimevuka bahari, zimekaa dukani Jogoo Road zikingoja mtu wa kuoka keki. Sasa niambie. Mtu amesimama katikati ya shamba la zabibu, vichala vinamgonga usoni. Atamtumia mke wake hizi?"

"Lakini zabibu si ni zabibu?"

"Kwa Kiswahili, ndiyo. Mbichi zabibu, kavu zabibu. Hapo ndipo walipojikwaa. Mkubwa fulani ofisini alimwambia dereva, mpelekee yule mama zabibu. Yeye aliwazia vichala. Dereva akawazia keki." Mideva aliirudisha pakiti mezani. "Lusweti hakutuma kitu. Waliotuma ni wao."

Muhonja alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nyumba za kaunsili za Mbotela ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kitanda kilikuwa hatua moja kutoka mezani. Juu yake ilining'inia kalenda ya Kanisa la Marafiki, kanisa lililomlea Mideva pia. "Basi wamemuua," Muhonja alisema.

"Hapana." Mideva alisema hivyo kama anayetaja bei ya sukuma wiki sokoni. "Wangekuwa wamemuua wangekaa kimya wakuache uhangaike. Wanakubembeleza. Wanataka utulie mpaka siku fulani ipite. Na siku hiyo tunaijua."

Waliijua wote. Mwezi wa nne, tanuri la kiwanda cha kioo cha Baba Dogo lililipuka likawachoma wafanyakazi wanne. Kampuni ilisema walikuwa wamezembea, na Wakili Burale akaifungulia kesi kwa niaba yao. Lusweti, mpakiaji wa chupa, alikuwa amemsikia Gachanja, meneja wa wafanyakazi, akiamuru tanuri liwashwe huku bomba la mafuta likivuja. Wengine waliosikia walipandishwa cheo au wakapata usahaulifu. Lusweti peke yake ndiye aliyekubali kulisema kortini. Hakimu alikuwa ameahirisha kesi mara nyingi akachoka. Jumatatu shahidi asipofika, kesi inatupwa. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Lori la chupa lilimpeleka shambani," Mideva alisema, akiinuka. "Wao wenyewe wanataja shamba. Waongo ni wavivu, Muhonja, huwa hawahamishi kitu mbali. Niletee ile kofia yako ya harusi."

"Kofia ya nini tena?"

"Ya kufungulia geti."

*

Shamba lililala chini ya mteremko, ng'ambo ya mji wa Naivasha, na getini palikuwa na kibao kipya: KARIBUNI MAVUNO YA VULI. Mwenye shamba alikuwa amesafiri Ulaya akaona watu wakichuma zabibu majani yakiwa mekundu, akaambiwa msimu huo unaitwa otam, akarudi akiutaka. Mchora kibao alifungua kamusi, akakuta vuli. Vuli ni mvua, na mwezi huu wa tisa hapakuwa na tone. Vumbi jeupe lilikuwa limepaka hata ndimi za mbwa. Lakini tajiri akitaka msimu, nani atamwambia nchi hii haina?

Mideva alilijua shamba hilo kabla halijapandwa zabibu. Lilikuwa la mzungu wa maziwa. Alipoondoka, waliomkamulia ng'ombe tangu utoto wao waliahidiwa kugawiwa. Liligawiwa, kweli, liligawiwa mtu mmoja. Waliobaki walijenga vibanda kando ya barabara, na wajukuu wao ndio waliokuwa wakichuma leo. Mtu huyo mmoja, ambaye siku hizi huitwa Mheshimiwa, ndiye pia aliyekuwa na kiwanda cha kioo Baba Dogo. Chupa kule, divai ya kuzijaza huku, na katikati lori.

Mlinzi aliinamisha kichwa kuangalia ndani ya pikapu. Aliona kofia ya waridi yenye wavu na ua la kitambaa. Alipiga saluti, akafungua.

"Hata hakuuliza jina," Okumu alinong'ona.

"Kofia kama hii haiulizwi jina. Wewe nenda upande wa malori, zungumza na madereva. Mimi nitaanza na nyapara."

Wageni walikuwa wamejaa chini ya mahema, wazungu wa balozi na weusi wa mabenki, kila mmoja na bilauri. Msichana mwenye sare aliwaeleza jinsi zabibu inavyopenda udongo wa volkano. Ng'ambo ya kamba nyekundu, wanawake walikwenda mstari kwa mstari na mikasi midogo, wakikata vichala na kuvilaza kwenye kreti. Vidole vyao vilinata. Nyuki waliwafuata kama watoto wanaofuata sherehe.

Mideva alitembea taratibu, akaangalia kila kitu mara moja. Aliona kreti zilizojaa zimepangwa juani, zimefunikwa magunia yaliyoloweshwa. Aliona stoo mbili za mawe, za zamani, kuta nene, za enzi ya maziwa. Ya kwanza ilikuwa wazi na mashine ya kukamulia ilinguruma ndani. Ya pili ilifungwa kwa kufuli jipya linalong'aa.

Nyapara alisimama mwisho wa mstari, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni. Beji yake ilisema Shitanda.

"Mulembe," Mideva alimsalimu kwa Kiluhya.

Uso wa nyapara ulifunguka. "Mulembe, mama! Kumbe watu wa nyumbani wameanza kualikwa kwa mahema?"

"Wameanza. Wewe ni wa wapi?"

"Kakamega. Upande wa Mukumu, kwa Wakatoliki kabisa."

"Mimi ni wa Maragoli. Namtafuta ndugu yetu mmoja, Lusweti, wa kiwanda cha chupa. Mke wake ameambiwa yuko huku kwa mavuno."

Shitanda alipuliza filimbi bila sababu. Wanawake wawili waligeuka, wakaona hawahusiki, wakaendelea. "Alikuwa hapa," alisema. "Aliondoka Alhamisi."

"Alikuja kushusha chupa?"

"Hapana, alikuja kivyake. Likizo. Alikuja kuchukua divai ya kanisa."

"Ya kanisa?"

"Ya meza ya Bwana, mama. Yule hanywi pombe, si unamjua. Lakini kanisa lao, lile la Marafiki, lilimtuma achague divai safi, isiyotiwa dawa. Nilimwonjesha kidogo kwa kijiko, akafumba macho, akasema hii ndiyo."

Mideva alikubali kwa kichwa. Alichuma zabibu moja kwenye kichala kilichokuwa karibu, akaitia mdomoni, akatema mbegu mkononi kwa adabu.

"Marafiki ni wagumu sana kwa mambo ya kikombe," alisema.

"Sana! Aliniambia mchungaji wao hakubali divai ya dukani."

"Hukiinua kwa mikono miwili, yule mchungaji, au mmoja?"

"Miwili."

"Na waumini wanapokea wamesimama?"

"Wanapiga magoti, mama. Mstari mmoja mbele ya altare, wazee kwanza."

"Kama kule Mukumu."

"Kama Mukumu. Kanisa ni kanisa."

"Shitanda," Mideva alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "baba yangu alikuwa mzee wa Kanisa la Marafiki mpaka alipozikwa. Mimi nimekulia kwenye mabenchi yao. Hakuna altare. Hakuna kikombe. Hakuna mkate, na hakuna hata maji ya kubatizia. Marafiki wanasema mambo hayo hutendeka moyoni. Wanaimba, wanahubiri, halafu wanaketi kimya kumngoja Mungu. Lusweti angeingia pale na chupa ya divai wangemwitia kikao."

Filimbi ilining'inia kwenye kifua cha nyapara, ikipanda na kushuka.

"Aliyekupa hadithi hii ni mtu mwenye akili," Mideva aliendelea. "Alijua Lusweti hanywi. Akajiuliza, asiyekunywa anatafuta nini kwenye shamba la divai? Akakumbuka kwamba ni mtu wa kanisa, akafurahi. Hakuuliza kanisa gani. Kwake yeye watu wote wa magharibi ni kwaya moja. Ni nani huyo?"

"Bosi Gachanja alisema tu niseme alikuja kwa ajili ya divai ya kanisa." Shitanda alijifuta shingo. "Mengine yale... ya magoti..."

"Ya magoti ni yako."

"Ni yangu, mama. Na ya kijiko."

"Kijiko kilikuwa kizuri. Yuko hai?"

"Mimi sina ufunguo."

"Sijakuuliza ufunguo."

Nyapara akaenda zake katikati ya mizabibu, akipuliza filimbi kwa nguvu kana kwamba ndiyo iliyokuwa imezungumza.

*

Okumu alimkuta Mideva ameketi juu ya kreti tupu, kofia mapajani.

"Shemeji, nimepata habari, na si nzuri. Dereva wa lori anasema Lusweti alishuka Gilgil juzi na mama mmoja mweupe, mnene, mwenye mkoba mwekundu. Walikuwa wanacheka."

"Dereva yupi?"

"Mmoja kijana, ana jino la dhahabu."

"Si ndiye Muhonja aliyesema alileta pakiti? Jino la dhahabu?"

Okumu alifikiri. Uso wake ukaanguka. "Ndiye."

"Basi mwache na mama yake mweupe. Mtu asiyejua tofauti ya zabibu na zabibu hawezi kunieleza Lusweti alishuka wapi. Angalia pale." Alimwonyesha kreti zilizopangwa juani. "Unaona nini?"

"Zabibu."

"Zinafanya nini?"

Chini ya magunia, maji mekundu yalichuruzika, yakaingia vumbini. Nyuki walikuwa wamekaa juu yake kama kitambaa.

"Zinaharibika," Okumu alisema.

"Zinachacha kabla ya wakati. Mashine ni moja na haiwezi kula kila kinachochumwa, kwa hiyo kinachobaki lazima kikae mahali pa baridi. Mahali pa baridi ni pale, stoo ya mawe, iliyojengwa kutunza maziwa. Ni mavuno, Okumu. Hii ndiyo wiki ambayo kila paa la shamba linafanya kazi. Na stoo baridi kuliko zote imefungwa kufuli, huku wao wanaloweka magunia." Alivaa kofia. "Hakuna tajiri anayepoteza zabibu bure. Ni lazima ndani kuwe na kitu anachokiogopa zaidi ya hasara."

"Twende polisi wa Naivasha?"

"Tukaandikishe kwamba stoo imefungwa? Watampigia simu Mheshimiwa kumwuliza kama ni kweli, na Lusweti atahamishwa kabla hatujarudi. Yule mama pale, mwenye kilemba cha kijani. Umemwona?"

"Yule mzee? Nimemsikia akiwatania wenzake. Ni Mjaluo kama mimi."

"Alibeba sahani iliyofunikwa kuelekea stoo, akarudi mikono mitupu. Mgeni gani analishwa kwenye stoo iliyofungwa? Kaongee naye kwa lugha yenu, kisha niite."

Okumu alikwenda, akainama mbele ya mwanamke yule, na baada ya muda kicheko kililipuka. Mideva akafuata.

"Huyu kijana wako ananiuliza napeleka chakula kwa nani," mwanamke alisema. Jina lake lilikuwa Adongo, na mikasi yake haikukoma kukata alipokuwa akiongea. "Napitisha sahani dirishani. Tumeambiwa ni mwizi wa chupa, anangoja polisi."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Mama Adongo, umekaa nchi hii muda mrefu. Umewahi kuona mwizi maskini akingoja polisi wiki nzima?"

Mikasi ilisimama. "Aaa," Adongo alisema. "Sasa umesema neno. Sisi kwetu huwa wanafika kabla hujaiba."

"Si mwizi. Ni mpakiaji wa chupa. Watu wanne waliungua kiwandani kwa huyu huyu mwenye shamba, naye Jumatatu anatakiwa kusema mbele ya hakimu alichosikia. Ndiyo maana unamlisha."

Adongo aligeuka akaitazama stoo. "Analia usiku? Hapana, yule halii. Ananiambia asante mama, kila sahani. Nilijiuliza mwizi gani huyu." Alikata kichala kimoja zaidi, akakilaza kwenye kreti. "Na wewe unataka tufanye nini? Tuvunje mlango? Pale kuna walinzi wenye rungu na mbwa."

"Msivunje kitu," Mideva alisema. "Keti chini."

"Niketi?"

"Keti. Mwambie wa kushoto kwako aketi, na wa kulia. Mikasi mapajani. Zabibu zilizokatwa zinachacha, zisizokatwa zinaiva kupita kiasi, na wageni wamekuja kuwaona nyinyi mkichuma. Ufunguo utakuja wenyewe."

Adongo alicheka mpaka kilemba kikateleza. "Mama, wewe umewahi kufukuzwa kazi."

"Kila mahali."

"Inaonekana." Na mwanamke yule akajishusha kwenye udongo, polepole, mkono kwenye goti, akanyoosha miguu mbele yake kama aliyefika nyumbani.

Ilipita kutoka mstari hadi mstari bila kelele. Vichwa vilivyofungwa vilemba vilizama kimoja kimoja nyuma ya majani. Shitanda alipuliza filimbi, akapuliza tena, kisha akaitoa mdomoni akaitazama. Mashine ya kukamulia ilimeza kreti ya mwisho iliyokuwa mlangoni, ikanguruma na njaa, ikazimwa.

Chini ya mahema watu waligeuka. Mzungu mmoja mzee mwenye kamera alivuka kamba nyekundu, akamwuliza msichana wa sare kwa Kiswahili cha safari, "Hawa mama nafanya nini?"

Msichana aliwaangalia wanawake. Alimwangalia Mideva, na kofia yake. "Wanapumzika," alisema. "Ni... ni desturi."

"Desturi! Mzuri sana!" Mzee aliketi papo hapo na suruali yake nyeupe. Mke wake akamfuata. Wa balozi nyingine hawakutaka kuonekana hawaheshimu desturi. Nao wakaketi, bilauri mikononi, wakitabasamu kwa upole kati ya mizabibu.

Gachanja alitoka ofisini akikimbia kwa namna ya mtu anayejaribu kutokimbia. Alikuwa na suti ya bluu na funguo nyingi kiunoni. Alimtambua Mideva kwa mbali. Walikuwa wametazamana mara nyingi kwenye korido ya mahakama.

"Madam, hii ni mali ya mtu binafsi."

"Habari yako, Gachanja. Na aliye mle stoo ni mali ya nani?"

"Mle kuna mitungi ya kemikali. Ni hatari."

"Kemikali inayosema asante mama?" Adongo aliuliza kutoka chini, na kicheko kikatembea mstari mzima. Mzungu mzee naye akacheka, ili asiachwe.

Gachanja alishusha sauti. "Nitaita polisi."

"Waite. Si mmekuwa mkiwangoja wiki nzima wamjie mwizi wa chupa? Tutamkabidhi pamoja, mbele ya wageni. Wewe utaeleza aliiba chupa ngapi, na mimi nitaeleza kwa nini kampuni ilisema yuko likizo, na kwa nini nyapara wako anasema alikuja kuchukua divai ya kanisa."

"Alikuja kuchukua divai ya kanisa."

"Marafiki hawana divai."

Kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba habari hiyo ilikuwa mpya kwa Gachanja. Alimtazama Shitanda kana kwamba ni yeye aliyelianzisha kanisa hilo.

"Kila kanisa lina divai," alisema.

"Hivyo ndivyo ulivyodhani."

Nyuki walikuwa wamehama kutoka magunia kwenda kwenye meza za wageni. Mwanamke mmoja wa benki alipiga yowe. Kutoka getini ilisikika honi, mara mbili, ile honi ndefu ya gari la Mheshimiwa, aliyekuwa amekuja kula chakula cha mchana na kutoa hotuba kuhusu mavuno. Gachanja aliisikia. Shingo yake iliisikia kabla yake. Aligeuka akaona mizabibu isiyochumwa, mashine iliyokufa, mabalozi waliokaa mavumbini na wanawake waliowazunguka, wote wakimwangalia yeye kwa subira.

Alichomoa ufunguo mmoja kutoka kiunoni, akautupa chini.

Mideva hakuinama. Hakuna aliyeinama. Ulikaa pale vumbini mpaka Shitanda, mtunzi wa hadithi ya magoti, alipopiga magoti yake mwenyewe akauokota, akaupangusa kwa suruali, akaenda nao stoo bila kumtazama yeyote. Kufuli lilifunguka kwa mlio mdogo.

Lusweti alitoka akikinga macho. Ovaroli ilikuwa ile ile ya Jumatatu. Ndevu zilikuwa zimemfunika mpaka kwenye mashavu. Aliona wanawake wakiinuka na mikasi, aliona wazungu wakijipangusa matako na kupiga makofi, na hakuuliza lolote kuhusu hayo.

"Mideva," alisema.

"Umeumizwa?"

"Mgongo. Sakafu ni saruji."

"Uliweka sahihi mahali popote?"

"Walileta karatasi na kalamu kila siku. Niliwaambia mimi siweki sahihi nisichosoma, na sisomi gizani. Wakakataa kuleta taa." Alimgeukia Adongo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mama."

"Sasa nimeuona uso wa ile sauti," Adongo alisema. "Sauti ni nzuri zaidi. Nenda."

Walipita katikati ya mahema. Gachanja alikuwa amekimbilia gari la Mheshimiwa, ameinama dirishani, akieleza. Mkono mmoja mnene ulitoka ndani ukamsukuma kando. Mlinzi wa geti aliona kofia ya waridi ikirudi, akapiga saluti tena. Okumu alikuwa ameshawasha pikapu.

Lusweti alisimama na mguu mmoja ndani. "Kortini ni lini? Imepita?"

"Ni keshokutwa," Mideva alisema. "Leo ni Jumamosi."

Lusweti alipitisha kiganja kwenye ndevu zake, kutoka sikio hadi sikio. "Basi kabla ya nyumbani nipitisheni kwa kinyozi."

"Yule wa Mbotela ni Msabato," Okumu alisema. "Leo amefunga. Kesho ndiyo anafungua, wakati nyinyi mko kanisani."

Lusweti alifikiri jambo hilo kwa uzito wake wote, kisha akapanda, akavuta mlango.

"Kanisa litaningoja," alisema. "Hakimu hatangoja."